Bibi Shamba na Zamu ya Jina Langu

Nianze na mabuti yake, maana ndiyo niliyoyaona kwanza na ndiyo yaliyonikera kwanza. Mabuti ya mpira, meusi, marefu karibu kufika magotini, yamesimamishwa mlangoni pa nyumba ya mwalimu, jirani yetu pale Ruhuwiko, Songea. Nikamwambia mume wangu, "Baba Editha, mwalimu kakaribisha bwana shamba kwake." Kesho yake asubuhi akatoka mwanamke. Akavua kandambili, akaingiza miguu kwenye yale mabuti, akakaza kilemba, akaipiga teke pikipiki ya serikali mara moja tu, ikawaka. Akanipungia mkono. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la nguo, mtoto mgongoni, mwingine tumboni. Sikumpungia. Mikono yangu ilikuwa na kazi.

Jina lake silitaji. Mtaa mzima tulimwita Bibi Shamba, na watoto wake wawili wakitaka kumtania nao walimwita hivyo hivyo, akaitika. Alizaliwa wapi, kwao ni akina nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nilikaa naye ua kwa ua miaka mingi, tukianika nguo kwenye kamba moja, na ninachokijua ni kile kilichopita mbele ya macho yangu. Na nisiwafiche: macho hayo yalikuwa na wivu. Nilimwonea wivu mwanamke yule tangu siku ile ya mabuti, na baadaye wivu ukapata sababu ya kweli, maana alinichukulia mwanangu wa kwanza, na kwa kumchukua mwanangu akanifungia njia ya jina langu. Hilo la jina nitalieleza. Kwa sasa mjue tu kwamba anayesema hapa ana lake moyoni, mpunguze au muongeze mnavyoona inafaa.

Kazi yake ilikuwa kwenda vijijini kufundisha watu kilimo cha mahindi. Miaka ile ya ushirika mahindi ndiyo yaliyokuwa sifa ya mkoa wetu, mbolea inaletwa na malori, na mume wangu alikuwa dereva wa moja ya malori hayo, kwa hiyo habari zake nyingine nilizipata kwake. Bibi Shamba alikuwa na kamba yenye mafundo. Anaikaza shambani toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kila penye fundo mtu anachimba shimo, kila shimo mbegu mbili. Siku moja, alivyonisimulia mume wangu, mzee mmoja kijijini alisimama mkutanoni akasema, "Sasa tumeelewa. Ndiyo maana na wewe kwako ni wawili tu!" Watu wakaangua kicheko. Bibi Shamba akangoja kiishe. "Ndiyo, baba. Na nimepalilia mwenyewe. Wa kwako anawapalilia nani?" Mume wangu alicheka kila alipoikumbuka habari hiyo. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa na neno lake moja, "Halafu?" Mkulima anajieleza: mke anaumwa, mvua imechelewa, jembe limevunjika mpini. "Pole sana. Halafu?" Anaendelea kujieleza. "Naam. Halafu?" Mwisho mtu anaishiwa na sababu anachukua jembe. Siku moja nilimlalamikia mgongo, kwamba tangu mimba ya tano haujakaa sawa. Akanipa pole, ya kweli kabisa, halafu nikaona midomo yake inaanza kujipanga. Nikaingia ndani kwangu kabla hajalitamka.

Msidhani alikuwa mtu wa ajabu. Bustani yake mwenyewe nyuma ya nyumba ilikuwa aibu, magugu mpaka kiunoni, mchicha umezeeka hadi umetoa mbegu. Aliyekuwa akihubiri palizi ya mapema wilaya nzima, kwake palizi ilifanyika siku mgeni wa kiofisi anakuja. Ugali wake ulikuwa na mabuja, mumewe mwalimu ndiye aliyekuwa anasonga ugali wa kuliwa. Na tena, mtu wa udongo, mtu wa kuwaambia wenzake wafurahi wakiona nyungunyungu maana ni dalili ya rutuba, yeye nyungunyungu alikuwa anawaogopa! Nilimshuhudia kwa macho yangu. Kifuku, majira ya mvua nyingi, mvua imekatika kidogo, nyungunyungu mmoja anapita zake kibarazani, na Bibi Shamba amepanda juu ya kiti anaita, "Mama Editha! Mama Editha, njoo unitolee huyu!" Nikamtoa. Nilifurahi wiki nzima.

Hata hivyo nilikuwa nikimtazama asubuhi anavyoondoka, nguo imepigwa pasi, tumbo bapa, na ninajitazama mimi. Tulikuwa rika moja. Na mimi niliwahi kuwa na kazi, msidhani. Kabla ya Editha nilikuwa muuzaji kwenye duka la ushirika, nakaa nyuma ya kaunta na mizani, nawapimia watu sukari, na walionijua waliniita dada wa dukani. Nikapata mimba ya Editha, wakaniambia nikapumzike. Nikarudi. Nikapata ya pili, wakaniambia tena nikapumzike, na hapo ikawa moja kwa moja. Nani aje kuniita na nyumba imejaa? Nikaanza vitumbua. Nilikaanga vitumbua tangu alfajiri, nikauza stendi na mtoto mgongoni, nikazaa, nikarudi kwenye jiko. Kazi yangu haikunizuia kuzaa, maana ilifanyika na mtoto mgongoni. Ya mwenzangu haikuwa hivyo. Pikipiki ya serikali huwezi kuipandisha mlima na mtoto mgongoni na gunia la mbegu nyuma.

Mwenyewe alinieleza siku moja tukianika nguo, bila kuulizwa. Likizo ya uzazi yenye mshahara ilitoka kila baada ya miaka mitatu, akizaa kabla ya hapo ni juu yake. Yeye alingoja hiyo miaka, akazaa wa pili. Alipokuwa likizo, pikipiki yake akapewa bwana shamba wa tarafa nyingine aishikilie kwa muda. Ikarudi klachi imekufa, taa imevunjika, kiti kimechanika, na ilikaa gereji mpaka msimu ukapita. Bibi Shamba alikwenda vijijini kwa miguu msimu mzima. "Mama Editha," akaniambia, na alikuwa karibu kulia, "niliposukuma ile pikipiki kuirudisha gereji mara ya tatu, niliapa. Sizai tena kumzalishia yule bwana pikipiki." Mimi nikajisemea, loo, kumbe kuna watu wanakataa mtoto kwa ajili ya klachi. Lakini usiku huo sikulala vizuri. Mimi hakuna kitu nilichowahi kunyang'anywa kwa kuzaa nikakumbuka kukililia.

Mama mkwe wake alitoka Mbinga mara mbili kwa mwaka kuja kudai mjukuu wa tatu. Bibi mkali, mfupi, anaongea Kimatengo akikasirika na Kiswahili akitaka sisi majirani tuelewe. Kwake yeye kosa lilikuwa la pikipiki. "Ile mitetemeko inafunga kizazi," alitutangazia pale jumuiyani, baada ya sala, mkwe wake ameketi palepale. "Mwanamke hakuumbwa kutikiswa!" Mara moja aliuficha ufunguo kwenye debe la unga. Bibi Shamba akautafuta, akakosa, akachukua baiskeli ya mumewe akaenda kazini Lilambo. Jioni mwalimu anachota unga asonge ugali, ufunguo huo. Hakuna aliyegombana. Bibi Shamba aliufuta unga, akasema, "Mama, kesho ni misa ya watoto kupokea komunyo kule parokiani. Nikupeleke?" Yule bibi akapakiwa kiti cha nyuma, upande upande, amemkumbatia mkwe wake kiuno, macho amefumba. Waliporudi alishuka anacheka kama msichana. Akatupitia nyumba kwa nyumba. "Linafunga kizazi," akasema, "lakini ni zuri!"

Hata yule mama mkwe, Bibi Shamba alimtwaa. Ndicho kilichoniuma. Watu walikwenda kwake na hasira wakatoka wakiwa wake.

Sasa Editha. Editha ni kifungua mimba wangu, msichana mwenye akili, mtulivu, mkono wangu wa kulia. Alipoingia darasa la tano nikaona anaanza kupotelea kwa jirani. Akitoka shule, akishaosha vyombo vya vitumbua, ukigeuka hayupo. "Editha!" Kimya. Baadaye kidogo anatoka kwa Bibi Shamba, anakuja kuchukua ndoo aende bombani. Kila siku ambayo Bibi Shamba amewahi kurudi kutoka vijijini, Editha yuko kule. Nikimuuliza ulikuwa unafanya nini, anasema, "Nilikuwa kwa mama mdogo." Mama mdogo! Mdogo wangu yupi? Mimi kwetu nimezaliwa wa mwisho.

Na alirudi amebadilika, hilo ndilo lililonipa wasiwasi. Uso umenawiri, macho meupe, anaongea vizuri na wadogo zake, hata kuimba anaimba. Nikasema huyu anapakwa mafuta kule. Nikasema anapewa chai ya maziwa, anasomewa vitabu, anaambiwa, usiwe kama mama yako. Nilimwonea wivu mwanamke yule hapo kuliko siku zote, maana pikipiki ni ya serikali, lakini mtoto alikuwa wangu. Siku moja nilimzuia, nikamwambia leo huendi, kaa hapa na mdogo wako. Akakaa. Hakununa wala hakulia. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akaegemea ukuta, akaitazama nyumba ya jirani mpaka jua likazama. Kesho yake nikamwacha aende. Sikuweza kuuona tena uso ule.

Ikaja miaka ya ruksa. Mitumba sokoni, sabuni za kila rangi, maduka ya watu binafsi yanafunguliwa, na upande wa pili ushirika unakufa polepole kama mgonjwa aliyesahauliwa. Lori la mume wangu lilipaki siku moja halikuondoka tena. Mbolea haikuwa tena ya bei ya serikali, wakulima wakawa wanaitazama tu. Halafu wakaanza kupunguza watumishi. Jina la Bibi Shamba likatoka. Pikipiki ikachukuliwa na dereva wa wilaya, akaiendesha mbele ya macho yetu, Bibi Shamba amesimama kibarazani amekunja mikono, miguuni kandambili.

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikampelekea dagaa wa Nyasa ili nisionekane nimefurahi. Moyoni nikasema, sasa utakaa nyumbani kama sisi. Sasa utazaa. Mtaa mzima tulisema hivyo, mama mkwe akaja kutoka Mbinga na vitenge vya kubebea mtoto viwili, kwa haraka. Tukamngojea tumbo lijae. Mwaka ukapita, tumbo liko palepale. Kwa kile alicholipwa kuachishwa kazi akafungua duka la pembejeo karibu na soko kuu: mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia anayoipima kwa kilo kwa wasioweza kununua mfuko, dawa za ghala, majembe. Wakulima waliokuwa wanamkimbia kwa ajili ya "halafu" yake wakawa wanamfuata wenyewe mjini. Na nani alikwenda kumsaidia kuuza? Editha wangu, amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari.

Pale dukani akamfanya mwanangu asome jioni. Editha akarudia mitihani, akaenda chuo cha kilimo, akatoka, shirika moja la watu wa korosho likamwajiri Tunduru, akapelekwa Namasakata, na yeye akapewa pikipiki. Mwanangu juu ya pikipiki! Wamama wa stendi waliniambia, "Hongera, Mama Editha," nami nikasema asante, na moyoni kisu. Maana hawakusema kafanana na mama yake. Walisema, "Kawa Bibi Shamba kabisa."

Sasa niliseme lile la jina. Kwetu sisi jina la mtoto haliokotwi. Mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa mume, na wa pili vilevile. Wa tatu ndipo inapofika zamu ya upande wa mke, na akiwa wa kike ni jina la mama yake mke. Mimi nilimpa mama yangu jina kwa mwanangu wa tatu. Mama alitembea kwa miguu kuja kumwona, ana kuku mkononi na kitenge kichwani, akampokea wajina wake, akamwambia, "Karibu, mimi," akalia. Tangu siku ile nami nilikuwa nangoja nije niseme, "Karibu, mimi." Nina watoto wa kiume nao watazaa, Mungu akipenda, lakini wakati huo walikuwa bado wanavaa kaptula za shule, na kifungua mimba ni kifungua mimba. Mimi ni Skolastika. Nilitaka Skolastika wa Editha.

Editha akaolewa na mwenzake wa kazini, mtu mzuri. Wa kwanza akawa wa kiume, akapewa jina la babu yake mzaa baba. Sawa. Miaka ikapita minne, nikawa nauma kucha, ndipo ikaja mimba ya pili. Akapelekwa hospitali ya misheni Mbesa kungojea. Habari za uchungu zilipigwa kwenye simu ya dukani kwa Bibi Shamba, maana mimi simu ningeitoa wapi? Akamtuma mtu kwangu hakunikuta, nilikuwa stendi na vitumbua. Yeye akapanda gari lililokuwa linaondoka saa ileile. Mimi nilipata lori kesho yake. Masika, barabara ile ya Tunduru mnaijua, tulikwama, tukashuka, tukasukuma, tukalala njiani. Nafika Mbesa nina matope hadi mapajani, nina kuku wangu amenyong'onyea kwenye kikapu, naingia wodini, na nani amekaa kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanangu, amempakata mjukuu wangu? Nisiwachoshe.

"Shikamoo mama," Editha akaniambia, kadhoofu lakini anatabasamu. "Ni msichana. Fausta."

Fausta ni mama yake mume. Zamu ilikuwa yake, sina neno. Nilimpokea mtoto, nikamwombea, nikamshukuru Mungu. Bibi Shamba alinipisha kiti upesi. Alinichotea maji ya moto ninawe, akanisugua matope miguuni kwa mikono yake, na mimi nikamwachia anisugue huku nikimchukia. Nikajituliza: bado wa tatu. Wa tatu ni wangu.

Krismasi moja, Fausta ameshaanza kukimbia, walikuja Songea kutusalimia. Tunachambua mchele, mimi na Editha, nikamtania, nikamwambia nimeshanunua kitenge cha Skolastika, kinaliwa na mende. Hakucheka. Akaendelea kuchambua. "Mama," akasema, "mimi nimemaliza. Wawili wananitosha." Nikamuuliza amemaliza nini, kama vile sikusikia. Akasema tena, taratibu, kwa ile sauti isiyopandishwa. Niliijua sauti hiyo. Niliisikia ua wa pili miaka yote.

Walipoondoka nilikaa siku kadhaa, halafu nikavaa vizuri, nikaenda dukani kwake. Bibi Shamba alikuwa amezeeka kuliko nilivyotaka kumwona. Nywele nyeupe mbele, miwani imefungwa uzi, anapima mbegu za maharage kwa mkulima mmoja. Alipomaliza akanivutia kiti, akanimiminia chai. Sikuinywa.

"Bibi Shamba," nikasema, "nimekuja kuomba. Nimekushinda kwa kuzaa, umenishinda kwa mengine yote. Sasa nisaidie hili moja. Editha anakusikiliza wewe. Mwambie azae mmoja tu. Hata kama hana nafasi, aniletee, nitamlea mimi."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Nilishamwambia, Mama Editha."

"Lini?"

"Kule Mbesa, kabla hujafika. Nikamwambia mama yako yuko njiani na anangoja jina. Na Krismasi hii nimemwambia tena, alipopita hapa."

"Akasemaje?"

Mkulima mwingine akachungulia mlangoni, Bibi Shamba akamwambia arudi baadaye. "Alisema yeye watoto wake ni sita."

"Sita wa wapi?"

"Wanne wako, aliowalea. Na wawili wake."

Nilisimama. "Wewe ndiye uliyemfundisha maneno hayo! Tangu mdogo, kila siku kwako, kila siku kwako. Ulikuwa unamwambia nini mwanangu humo ndani? Niambie leo, tumeshazeeka, ulikuwa unamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu," akasema. "Alikuwa anakuja kulala."

"Kulala?"

"Ndiyo, kulala. Anaingia, ananiamkia, anakwenda kwenye kitanda cha watoto wangu, analala. Siku ya kwanza nilidhani anaumwa. Akaniambia usiku mtoto mchanga akilia yeye ndiye anayeamka kumbembeleza, ili wewe upumzike, maana alfajiri una vitumbua. Alisinzia darasani akachapwa. Akaniomba nisikwambie, alisema utaumia. Kwa hiyo nilikuwa nafunga dirisha jua lisimpige, nawaambia wanangu wachezee nje. Nikiona saa ya maji inakaribia, namwamsha."

Nilikaa tena. Chai ilikuwa imepoa, nikainywa. Nilitaka kumtukana. Nikajikuta nimemuuliza kitu ambacho hakikuwa na maana yoyote.

"Alikuwa analalaje?"

"Kifudifudi." Akatabasamu, akasahau kama mimi ndiye niliyemuuliza. "Mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Anakoroma kidogo, kama mtu mzima aliyetoka shamba. Wakati mwingine nilikuwa nasimama pale mlangoni namtazama tu."

Nimezaa saba. Wote nimewaona wakilala mchana, kwenye mkeka, mgongoni, chini ya meza ya vitumbua, wote isipokuwa Editha. Sijui mkono wake ulining'inia upande gani. Wivu wote wa miaka ile nikauona ulikuwa wa kitoto, huu sasa ndio ulioniingia kwenye mifupa, na sidhani kama utatoka. Mtoto nimemzaa mimi, na aliyemfungia dirisha apate kulala ni yeye.